Vyuma, nyavu na dakika ya sitini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Ujiji, Kigoma, nacheza ndondo, namba nane. Mwezi wa kwanza nilianza kunyanyua vyuma pale Mwanga, jioni nne kwa wiki. Skwati nilianza na kilo 40, sasa nabeba 90, na uzito wangu umetoka kilo 63 hadi 68. Nguvu nimepata kweli, mtu akinigonga bega anaanguka yeye. Ila ikifika dakika ya 60 nimekata pumzi, naona mpira unapita nashindwa kuufuata. Mazoezi ya timu siku hizi nahudhuria ya Jumamosi tu kwa sababu ya jimu. Kocha anasema vyuma vimenifanya mzito, niache. Mwezi wa tatu nilijaribu kuchanganya, alfajiri mchakamchaka na jioni vyuma, baada ya wiki kadhaa kilo zikaanza kushuka nikaacha mbio. Halafu nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anavua dagaa Kibirizi. Hajawahi kushika chuma, lakini anapanda mlima wa Mwanga na gunia begani wala hahemi. Tulipomwingiza uwanjani, dakika 15 tu akashikwa na misuli mapaja yote mawili. Sasa mwili unafuata kanuni gani? Na mimi nichague kipi, vyuma au pumzi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoiona ile sentensi uliyoipitisha harakaharaka: mazoezi ya timu unahudhuria ya Jumamosi tu. Pumzi yako imepotelea hapo. Vyuma vyenyewe havikukunyang'anya kitu, vilichukua jioni zako, na jioni hizo ndizo zilizokuwa zikiilisha pumzi. Kocha wako ugonjwa ameuona, dawa ndiyo aliyokosea.

Kwa hiyo huna haja ya kuchagua. Ila lazima uuelewe mwili, maana ni kama fundi cherehani mwenye msimamo: anashona kipimo kile kile ulichompelekea, hazidishi hata inchi, na nguo usipokuja kuivaa anaifumua ili kitambaa akitumie kwingine.

Tuanze na hizo kilo 90. Kutoka 40 hadi 90 ni zaidi ya mara mbili, lakini ukipima paja lako kwa futi ya kamba utakuta limeongezeka sentimita chache tu. Nguvu nyingine imetoka wapi? Kwenye neva. Msuli umegawanyika vikundi vingi vya nyuzi, na kila kikundi kina neva yake inayokiamuru. Mtu asiyezoea kunyanyua huviamsha baadhi tu, vingine vinabaki vimelala, na hata vilivyoamka havivuti kwa pamoja. Umewahi kuona mtumbwi wa wapiga kasia wageni? Mikono ipo, makasia yapo, lakini kila mtu anapiga kwa wakati wake na mtumbwi unayumba tu. Akipatikana mmoja wa kuwaimbia, unakata maji. Wiki sita hadi nane za mwanzo za vyuma, kazi kubwa inayofanyika mwilini ni ya huyo mwimbaji. Unene wa msuli huja nyuma: nyuzi, hasa zile za haraka zinazotumika kuruka na kuchomoka, hujazwa protini zaidi na kunenepa. Kilo tano ulizoongeza sehemu yake ni hizo.

Lakini angalia fundi alipewa kipimo gani. Kunyanyua mara nane, kukaa dakika tatu unapiga soga, kunyanyua tena. Hakuna jioni hata moja aliyoambiwa kwamba moyo utatakiwa kufanya kazi dakika 90. Kwa nini aushonee?

Sasa pumzi. Mitaani tunaiita pumzi na tunashika kifua, kana kwamba ni habari ya mapafu. Mapafu ya mtu mzima hayabadiliki sana kwa mazoezi, na mara nyingi hayana shida. Kinachobadilika ni damu, moyo na misuli inayoipokea hiyo damu. Cha kwanza ni maji ya damu, yaani plazima. Ukianza mbio leo, ndani ya siku chache mwili umeshaanza kuiongeza, damu inayorudi moyoni inakuwa nyingi, moyo unajaa vizuri na kila pigo linasukuma zaidi. Chembechembe nyekundu zinafuata baada ya wiki kadhaa. Miezi na miaka ikipita, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini kinapanuka. Mwaka 1899 daktari Henschen wa Sweden aligonga vifua vya wanamichezo wa skii kwa vidole na kusikiliza mlio, akatambua kwamba mioyo yao ni mikubwa kuliko ya watu wa kawaida, na akasema ni ukubwa wa afya. Hakuwa na mashine yoyote ya kuona ndani ya kifua.

Mimi nilifanya kitu kama hicho Kibirizi, kwa simu yangu ya mkononi. Ilikuwa asubuhi, dagaa wameshaanikwa mchangani, na mvuvi mmoja wa makamo amejiegemeza kwenye ubavu wa mtumbwi, kikombe cha chai miguuni. Nikamwomba mkono. Kiganja kilikuwa kigumu kama soli ya ndala, vidole havinyooki vikaisha, vimezoea kamba. Nikatafuta mshipa chini ya kidole gumba, nikahesabu dakika nzima: mapigo 50. Kijana niliyekuwa naye, muuza duka, alikuwa na 78. Moyo wa yule mzee unasukuma damu ile ile kwa mapigo machache, kwa sababu kila pigo limebeba mzigo mkubwa zaidi.

Ndani ya misuli nako kuna ujenzi. Mwaka 1967 John Holloszy wa Marekani aliwakimbiza panya kwa wiki 12, akakuta uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni umeongezeka karibu mara mbili. Mitokondria ndiyo mafiga ya mwili: chakula na oksijeni vinakutana pale, nishati inapikwa. Ukikimbia sana, mafiga yanaongezeka, na vimishipa vyembamba vinavyoizunguka kila nyuzi vinaongezeka ili damu ifike jikoni.

Hii inakuhusu wewe namba nane kuliko unavyodhani. Kiungo katika mechi ya dakika 90 hukimbia na kutembea kama kilomita 10 hadi 12, lakini kinachoamua mchezo ni zile mbio za mita 15 au 20 za kuwahi mpira. Mbio hizo unazilipia kwa akiba iliyomo ndani ya msuli, kreatini fosfati, ambayo ukiikamua yote haivuki sana sekunde 10. Baada ya hapo lazima irudishwe, na anayeirudisha ni oksijeni. Kama nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika, iliyobaki huchukua dakika tatu hadi tano. Mwenye mafiga mengi na damu ya kutosha anarudisha haraka. Mwenye nguvu tupu anakimbia mbio ya pili akiwa na akiba nusu, ya tatu robo, na ikifika dakika ya 60 anausindikiza mpira kwa macho. Unajua naongelea nani.

Na pumzi haikai bila kulishwa. Mtu akiacha mbio, plazima inaanza kupungua siku za mwanzo tu, na baada ya wiki mbili hadi nne upungufu unaonekana uwanjani. Nguvu ni mvumilivu zaidi: kipindi kimoja cha vyuma kwa wiki kinatosha kuitunza kwa miezi, mradi usipunguze kilo. Ukishalijua hilo, hesabu ya wiki yako inabadilika yote, nitairudia.

Kuhusu kaka yako. Ana moyo mzuri, mgongo, mabega na mikono ya kazi, na miguu iliyozoea kupanda taratibu na mzigo. Uwanjani mlimpa kazi ambayo miguu yake haijawahi kuiona: kuchomoka, kufunga breki, kugeuka. Unapofunga breki, msuli wa mbele ya paja unavutwa huku wenyewe unakaza, na kazi hiyo ndiyo inayouumiza kuliko zote. Wazee wa pembeni ya uwanja lazima walisema chumvi imepungua mwilini. Dakika 15 ni chache mno kumaliza chumvi ya mtu aliyekula ugali na dagaa mchana. Ni neva na misuli iliyochoshwa na kazi ngeni. Na kama kesho yake alishuka ngazi kiubavuubavu, asiambiwe kuwa ni asidi imebaki miguuni. Asidi ile huondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho yake ni ya michaniko midogo midogo kwenye nyuzi na uvimbe wa kuikarabati, na akirudia kazi ile ile baada ya wiki atashangaa hayarudi kwa ukali ule.

Fundi wetu ni mbishi hata kati ya mguu na mguu. Mwaka 1976 Bengt Saltin na wenzake waliwazoesha watu baiskeli kwa mguu mmoja tu. Uwezo mkubwa ulipatikana kwenye mguu uliofanya kazi, ule wa jirani ukaambulia kidogo sana, na walikuwa wanashiriki moyo mmoja! Basi usitegemee mikono ya nyavu ikusaidie kumkaba winga.

Ulichokiona mwezi wa tatu, kilo kushuka ulipochanganya, kina historia yake. Robert Hickson, Mmarekani mwingine, alikuwa mbeba vyuma aliyekwenda kufanya kazi kwa Holloszy, akaanza kukimbia na bosi wake, akaona misuli inamtoka. Akaamua kulipima jambo hilo, na matokeo yakatoka mwaka 1980. Kundi moja lilinyanyua siku tano kwa wiki, la pili lilifanya baiskeli na mbio siku sita, la tatu lilifanya yote. Kwa wiki kama saba, wale wa yote walipata nguvu sawa na wenzao wa vyuma. Kisha nguvu yao ikasimama pale pale, na wiki mbili za mwisho ikarudi nyuma. Pumzi yao lakini haikudhurika. Yaani vyuma havikuizuia pumzi, mbio nyingi ndizo zilizoizuia nguvu. Mpelekee kocha hiyo.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu ratiba ya Hickson ilikuwa ya kikatili, na ya kwako ya alfajiri na jioni ilifanana nayo. Miguu iliyochoka haiwezi kukaza ipasavyo jioni, na ndani ya nyuzi amri za kunenepa na amri za kuongeza mafiga hazipendi kutolewa saa ile ile. Ukizitenganisha kwa saa sita au zaidi, au bora siku tofauti, na ukipunguza wingi, mgongano unakuwa mdogo sana kwa mchezaji wa mpira. Kwanza wewe hutafuti kuwa na mapaja ya mbeba vyuma.

Mwaka 2001 watafiti wa Norway waliwachukua vijana wachezaji wa soka, wakawaongezea kitu kimoja tu juu ya mazoezi yao: dakika nne za mbio kali, dakika tatu za mchakamchaka mwepesi, mara nne, siku mbili kwa wiki, kwa wiki nane. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kama asilimia 11. Kwenye mechi walikimbia umbali mrefu zaidi kwa asilimia 20, na idadi ya mbio za kasi ikawa mara mbili. Nguvu ya miguu na urefu wa kuruka havikupungua. Dozi yako ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya mechi ya Jumapili, tembea tu. Jumanne alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa barabarani, panda mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga: dakika nne kwa kasi ambayo unaweza kutamka maneno mawili matatu lakini si sentensi, shuka taratibu dakika tatu, rudia hadi zitimie nne. Jumatano jioni vyuma, na hapa tunabadilisha. Acha kurudia mara nane au kumi. Beba kizito, mara nne, pumzika dakika tatu, seti nne, umemaliza skwati. Vizito vya mara chache vinamfundisha yule mwimbaji wa kwenye mtumbwi bila kukuongezea nyama ya kubeba uwanjani. Alhamisi kwenye timu, mwombe kocha awape zile dakika nne nne kwa mpira, wanne kwa wanne kwenye kiwanja kidogo. Ijumaa lala. Jumamosi timu kama kawaida. Jioni nne za jimu zimekuwa moja, na nguvu haitaondoka. Wiki usiyo na mechi, ongeza ya pili.

Usiharakishe kuona miguu imekubali ukaongeza kila kitu. Mwili una mafundi wengi na hawaendi mwendo mmoja. Damu inajibu kwa siku, neva kwa wiki, msuli kwa wiki nyingi, lakini kano na mfupa wanahesabu miezi. Kano ina damu kidogo, inajengwa polepole. Mfupa ndio wenye mambo: ukiusumbua kwa mzigo mpya, mwili kwanza unachimba ule wa zamani, kisha unajaza mpya, na mzunguko huo huchukua kama miezi mitatu, minne au zaidi. Katikati hapo, kwa wiki kadhaa, mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ulipoanza.

Mimi somo hili nililipata Tabora nikiwa na miaka 26. Pumzi ninayo, mapaja ninayo, nikajiongezea kuruka kamba na kuruka ngazi kila siku kwenye ardhi ngumu ya kiangazi. Wiki ya tano kano ya kisigino ikaanza kuuma asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, kisha inapoa. Kwa kuwa inapoa nikaendelea. Siku moja haikupoa. Nilikaa nje ya uwanja miezi saba, na mpaka leo kile kisigino kina kinundu unachoweza kukishika. Hivyo ukisikia maumivu ya asubuhi kwenye kano, au ugoko unauma mahali pamoja ambapo ukipabonyeza kwa kidole unaruka, punguza siku hiyo hiyo. Mchanga wa ufukweni unasaidia mifupa lakini unavuta kano ya kisigino zaidi, basi usihamie huko kwa ghafla.

Watu wataniuliza pia kuhusu mlima: je, kupanda Mwanga si sawa na mazoezi ya wanariadha wa Arusha na Manyara? Hapana. Ziwa letu, Tanganyika, liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Iten kule Kenya, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji maarufu, ni kama 2,400, na ni huko juu ambako hewa nyepesi inaulazimisha mwili uongeze chembechembe nyekundu. Mlima wetu unakupa mwinuko wa kukimbilia, basi.

Chembechembe hizo sisi tuna namna yetu ya kuzipoteza. Mkoa wetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na kimelea cha malaria kinaishi kwa kuzipasua. Ukiugua, homa ikaisha Jumatano, usinitokee uwanjani Jumapili. Maliza dozi, pima wingi wa damu, anza na mchakamchaka mwepesi, jipe wiki mbili tatu kabla ya kurudi kwenye dakika nne kali. Nimewaona vijana wakidhani wamerogwa, kumbe damu haijarudi.

Chakula hakihitaji unga wa kopo. Kwa uzito wako, gramu 100 hadi 110 za protini kwa siku zinatosha, na dagaa mkavu wa hapa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Gramu 50 zake, maharage ya Kasulu, yai, umefika kama nusu ya njia. Ugali wa muhogo una nishati nzuri ya mbio lakini protini yake ni ya kutafuta kwa tochi, usiule na mchuzi mtupu.

Nimebakiza jambo ambalo kaka yako analijua kuliko makocha wengi. Muulize wiki ya mbalamwezi anafanya nini. Taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa, nyavu zinashonwa, watu wanalala. Kila mwezi, bila kujadiliana, mwili wake unapata siku kadhaa za kujenga kilichobomolewa. Mwili haujijengi sana ukiwa chini ya chuma au katikati ya mlima, ujenzi mkubwa unafanyika ukiwa umepumzika. Wewe tangu mwezi wa kwanza hujapumzika hata wiki moja. Fuata mwezi wa wavuvi: wiki tatu kaza, ya nne kata kazi nusu, kasi na kilo ziache zilivyo, idadi ndiyo uipunguze.

Leo kabla hujalala weka daftari na kalamu kando ya mto. Kesho ukiamka, kabla hujakaa, hesabu mapigo dakika nzima, andika. Kwa wiki mbili utapata namba yako. Ukiona asubuhi yamepanda kumi juu ya kawaida na usingizi ulikuwa mbaya, mlima usipande. Ukiona wiki baada ya wiki yanashuka, jua fundi amepokea kipimo.

Na kaka yako asikate tamaa ya mpira. Mwambie mbalamwezi ijayo, nyavu zikiwa juu, aje siku tatu za kwanza akimbie mita 30 mara sita, kila moja robo tatu ya kasi yake, akirudi kwa kutembea. Mwezi unaofuata mara nane. Mechi mumpe dakika 10 za mwisho, wenzake wakiwa wamechoka na yeye bado ana ule moyo wa ziwani.